Giuseppe Colombo na siku 176 za Utaridi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Jina BepiColombo limesikika sana tangu chombo hicho cha anga kiliporushwa Oktoba 2018 kuelekea Utaridi, sayari iliyo karibu kabisa na Jua, lakini mwenye jina hajulikani kwa kiasi anachostahili. Majibu haya yanamhusu yeye: mwanahisabati wa Padova aliyekuwa akisoma vipimo vya wenzake na kuuona humo uwiano ambao wenyewe waliupita. Ukiwa na haraka, soma jibu kuhusu siku 59 na lile kuhusu chombo cha anga cha Mariner 10. Mengine yote yanatokana na hayo mawili.

Giuseppe Colombo alikuwa nani?

Alizaliwa Padova, kaskazini mwa Italia, tarehe 2 Oktoba 1920, na akafariki katika mji huohuo tarehe 20 Februari 1984. Alisomea hisabati Pisa, akahitimu mwaka 1944, kisha akarudi kwao na kufundisha mekanika katika Chuo Kikuu cha Padova. Kuanzia miaka ya 1960 alivuka Atlantiki mara nyingi kwenda kufanya kazi na kituo cha falaki cha Smithsonian kilichoko Cambridge, Massachusetts, na pia na wahandisi wa JPL, maabara ya NASA, shirika la anga la Marekani, iliyoko California. "Bepi" ni kifupi cha Giuseppe kwa watu wa Veneto, na ndivyo marafiki zake walivyomwita.

Jina lake lina uhusiano wowote na mji wa Colombo ulioko Sri Lanka?

Hapana. Colombo ni jina la ukoo la kawaida sana Italia.

Alikuwa mwanafalaki au mwanahisabati?

Alikuwa mwanahisabati ambaye kazi yake kubwa iliangukia kwenye falaki. Hakuwa mtu wa kukesha kwenye darubini. Fani yake, mekanika ya anga, inashughulika na mwendo: vitu viwili au zaidi vikivutana, vitakuwa wapi kesho, na baada ya mamilioni ya miaka vitakuwa vimetulia katika hali gani? Sayansi ya sayari inauliza mambo mengine: sayari imeundwa na nini, ndani yake kuna nini, uso wake umepitia yapi. Zamani fani hizi mbili zilikaa mbalimbali. Kazi ya Colombo ni mojawapo ya zile zilizoonyesha kwamba mwendo wa sayari, ukipimwa kwa makini, unaweza kueleza hata kilicho chini ya miamba yake. Kwa maoni yangu huo ndio mchango wake mkubwa kuliko yote, ingawa si huo unaotajwa zaidi.

Kabla ya 1965 watu waliamini nini kuhusu Utaridi?

Waliamini kwamba Utaridi hulielekezea Jua uso mmoja daima, kama Mwezi unavyoielekezea Dunia. Mwaka 1889 Giovanni Schiaparelli, mwanafalaki wa Milano, alitangaza kwamba sayari hiyo hujizungusha mara moja kwa siku 88, muda uleule inaoutumia kulizunguka Jua. Eugène Antoniadi naye alichora ramani yake kwa msingi huohuo, na vitabu vya shule vikaendelea kuurudia kwa zaidi ya miaka 70.

Wala hawakuwa wazembe. Utaridi haiachani mbali na Jua, kwa hiyo kutoka Duniani huonekana vizuri kwa vipindi vifupi tu. Mkao mzuri wa kuitazama hurudi takriban kila baada ya siku 348, na katika muda wa siku 352 Utaridi huwa imejizungusha mara sita kamili. Tofauti ni ndogo mno. Mtazamaji aliyengoja kipindi kizuri kila mwaka aliyaona madoa yaleyale mahali palepale, akahitimisha kwamba sayari haigeuki. Mpangilio wa namba wenyewe ndio uliowapoteza.

Siku 59 zilitoka wapi, na Colombo aliona nini ndani yake?

Aprili 1965 Gordon Pettengill na Rolf Dyce walitumia antena ya Arecibo, Puerto Rico, yenye kipenyo cha mita 305, kuipiga Utaridi kwa mawimbi ya rada. Sayari inayojizungusha ina ukingo mmoja unaotujia na mwingine unaotukimbia, hivyo mwangwi wa rada hurudi ukiwa umetawanyika kidogo katika masafa yake. Upana wa mtawanyiko huo hutoa kasi ya kujizungusha. Jibu lao lilikuwa siku 59, kukiwa na uwezekano wa kukosea siku 5 juu au chini. Kwa hiyo siku 88 zikaanguka.

Kipimo hicho kilikubali namba yoyote kati ya 54 na 64, na wengi waliishia hapo. Colombo alichukua urefu wa mwaka wa Utaridi, siku 87.97, akauzidisha kwa mbili na kugawa kwa tatu. Akapata siku 58.65, karibu kabisa na katikati ya kipimo. Mwaka huohuo wa 1965 alichapisha katika jarida la Nature hoja kwamba Utaridi hujizungusha mara tatu kamili kila inapolizunguka Jua mara mbili, na kwamba kuna nguvu inayoilinda katika hali hiyo. Kufikia 1966 alikuwa ameiendeleza hoja akishirikiana na Irwin Shapiro, na mwaka huo huo Peter Goldreich na Stanton Peale wakatoa nadharia pana ya jinsi kitu chochote kinachojizungusha kinavyoweza kunaswa katika uwiano wa aina hiyo. Vipimo vilivyofuata, vilivyo sahihi zaidi, vimeithibitisha 58.65.

Kugawa namba kwa namba mtu yeyote anaweza. Ugumu ulikuwa kuamini kwamba uwiano wa 3 kwa 2 una sababu ya kimaumbile, wakati mfano uliozoeleka, wa Mwezi, ulikuwa 1 kwa 1.

Kwa nini uwiano huo haubomoki?

Kwa sababu ya mambo mawili yanayokutana. La kwanza ni umbo la obiti. Njia ya Utaridi imerefuka kuliko ya sayari nyingine yoyote ya Jua: ikiwa karibu kabisa huwa kilomita milioni 46 kutoka kwenye Jua, na ikiwa mbali huwa milioni 70. Nguvu ile inayofanya bahari za Dunia zijae na kupwa hupungua haraka sana umbali unapoongezeka, kwa kipeo cha tatu cha umbali, kwa hiyo Jua huishika Utaridi kwa nguvu nyingi zaidi pale inapokuwa karibu. Hapo sayari hukimbia pia: hupita takriban digrii 6.3 za njia yake kwa siku. Nayo hujizungusha kwa digrii 6.1 kwa siku. Kasi mbili zinakaribia kulingana mahali hasa ambapo mshiko wa Jua ni mkali.

La pili ni umbo la sayari yenyewe. Utaridi si tufe kamili. Imerefuka kidogo upande mmoja. Kila inapopita karibu na Jua, mhimili huo mrefu hulielekea Jua, safari hii ncha moja, safari ijayo ncha nyingine. Ikichelewa au ikitangulia kidogo, uvutano wa Jua kwenye urefu huo huirudisha. Marekebisho haya madogo, yanayorudiwa kila siku 88, yanatosha kuishikilia.

Hali ya namna hii wataalamu huiita resonansi: mizunguko miwili ambayo muda wake unaachana kwa uwiano wa namba nzima ndogo, na kwa hiyo misukumo yake inajijumlisha badala ya kufutana.

Kwa hiyo siku moja ya Utaridi ina urefu gani?

Kutoka macheo hadi macheo ni siku 176 za Dunia, yaani miaka miwili ya Utaridi. Mtu ambaye angesimama mahali panapofaa angeliona Jua likipanda, likisimama, likirudi nyuma kidogo, kisha likiendelea na safari yake. Hilo hutokea sayari inapopita karibu na Jua, kwa kuwa kwa siku chache mwendo wake kwenye obiti huushinda ule wa kujizungusha.

Colombo alihusikaje na Mariner 10?

Mwanzoni mwa mwaka 1970 kulikuwa na mkutano California wa kujadili chombo cha NASA ambacho kingepita karibu na Zuhura, kipindwe njia na uvutano wake, kisha kiende Utaridi. Mpango ulikuwa kupita Utaridi mara moja tu. Picha zingepigwa, na baada ya hapo chombo kingebaki kulizunguka Jua bila kazi.

Colombo aliyekuwa mkutanoni aliziangalia hesabu za njia hiyo na kugundua kwamba, baada ya kupita Utaridi, chombo kingelizunguka Jua kwa muda unaokaribia siku 176, mara mbili ya mwaka wa Utaridi. Akauliza kama hakiwezi kurudishwa. Wahandisi wa JPL walipiga hesabu upya wakakuta anasema kweli: kwa kuchagua kwa uangalifu mahali pa kupita, uvutano wa Utaridi wenyewe ungeurekebisha muda huo uwe sawasawa, na chombo kingeikuta sayari palepale kila baada ya miaka yake miwili.

Mariner 10 ilirushwa tarehe 3 Novemba 1973, ikapita Zuhura tarehe 5 Februari 1974, ikawa chombo cha kwanza kutumia uvutano wa sayari moja kufika nyingine. Ilipita Utaridi tarehe 29 Machi 1974, ikarudi 21 Septemba 1974, ikarudi tena 16 Machi 1975 kwa umbali wa kilomita 327 tu. Siku chache baadaye gesi ya kukidhibiti chombo iliisha. Ziara ya tatu ndiyo iliyothibitisha kwamba Utaridi ina uga wa sumaku wa kwake, dhaifu lakini halisi. Safari moja ilizaa tatu, na gharama iliyoongezeka ilikuwa ndogo kwa sababu chombo kilikuwa tayari kiko njiani.

Kama Mariner 10 ilipita mara tatu, mbona ilipiga picha za chini ya nusu ya sayari?

Swali zuri kuliko yote tunayoletewa, na jibu lake linatoka kwa Colombo mwenyewe. Chombo kilirudi kila baada ya siku 176. Siku 176 ni mizunguko mitatu kamili ya Utaridi kwenye mhimili wake na miwili kamili kulizunguka Jua. Maana yake, kila Mariner 10 iliporudi iliikuta sayari ikiwa imegeuza upande uleule kwa Jua, na upande ule mwingine umo gizani. Uwiano alioutambua mwaka 1965 ndio uliofanya chombo alichokiokoa kione asilimia 45 hivi ya uso, basi. Sehemu iliyobaki ilisubiri hadi chombo cha MESSENGER, kilichopita mara kadhaa kuanzia 2008 na kuingia kwenye obiti ya Utaridi Machi 2011.

Je, ndiye aliyebuni kutumia uvutano wa sayari kusukuma chombo?

Hapana, na si haki kumpa sifa hiyo. Michael Minovitch alikuwa akizipiga hesabu hizo JPL tangu 1961, na wazo lenyewe lina mizizi ya zamani zaidi. Sifa ya Colombo ni kuona kwamba sayari inaweza kurudiwa.

"Sheria za Cassini" ni nini, na Colombo aliziongezea nini?

Mwaka 1693 Giovanni Domenico Cassini alieleza jinsi Mwezi unavyojizungusha. Mojawapo ya sheria zake inasema kwamba mhimili wa Mwezi na mhimili wa obiti yake huyumba pamoja, kwa mwendo mmoja, bila kuachana. Kwa karibu karne tatu hiyo ilikuwa habari ya Mwezi peke yake. Mwaka 1966 Colombo alionyesha kwamba ni hali inayoweza kutokea kwa kitu chochote kinachojizungusha huku obiti yake ikiyumba polepole, na kwamba kitu kama hicho kinaweza kutulia katika mikao kadhaa tofauti, kila mmoja na mwinamo wake.

Makala hiyo haisomwi sana nje ya fani. Mimi naiona kuwa nzuri kuliko hata ile ya siku 59, na sababu ni kilichofuata. Mwaka 1976 Stanton Peale alionyesha kwamba ikiwa Utaridi imetulia katika mkao wa aina hiyo, basi kwa kupima mwinamo wake, kutikisika kwake kidogo wakati wa kulizunguka Jua, na uga wake wa uvutano, mtu anaweza kujua kama kiini chake ni kigumu au kimeyeyuka. Mwaka 2007 Jean-Luc Margot na wenzake walitangaza matokeo ya vipimo vya rada vya miaka kadhaa: mtikisiko ulikuwa karibu mara mbili ya ule ambao sayari ngumu hadi katikati ingeonyesha. Tabaka la juu la miamba linateleza juu ya kitu kilicho majimaji. Kiini cha Utaridi, kinachochukua kama asilimia 80 ya nusu kipenyo chake, kimeyeyuka angalau kwa sehemu. Hakuna aliyechimba hata sentimita moja.

Pengo la Colombo liko wapi?

Limo kwenye pete za Zohali, katika pete C, karibu kilomita 77,900 kutoka katikati ya sayari. Ndani yake kuna kijipete chembamba chenye umbo la duaradufu. Chembe za hapo huzunguka Zohali upesi sana, lakini mhimili mrefu wa njia yao hugeuka taratibu, na hugeuka kwa mwendo uleule ambao Titani, mwezi mkubwa wa Zohali, huizunguka sayari hiyo nao: takriban siku 16 kwa mzunguko. Ni resonansi tena, ya aina nyingine. Pengo hilo lilipewa jina lake, na hakuna mahali pangemfaa zaidi.

Ile habari ya kamba ndefu angani ni ya kweli?

Ni ya kweli. Katika miaka ya 1970 yeye na Mario Grossi walipendekeza chombo cha Space Shuttle kiteremshe setilaiti kwa kamba ya makumi ya kilomita. Kamba inayopitisha umeme, ikikatiza uga wa sumaku wa Dunia kwa kasi ya obiti, huzalisha volteji yenyewe. NASA na Italia walijenga kifaa hicho, lakini Colombo alikuwa ameshafariki kilipopaa. Mwaka 1992 kamba ilikwama baada ya mita 256 tu. Mwaka 1996 ilifunguka hadi kilomita 19.7, ikatoa zaidi ya volti 3,000, kisha ikakatika kwa cheche ya umeme iliyopenya mahali kifuniko chake kilipotoboka. Wengi huiweka kwenye orodha ya majaribio yaliyoshindwa. Kwa maana ya setilaiti kupotea, sawa. Lakini fizikia aliyoitabiri ilionekana dhahiri.

Aliipa jina Giotto?

Ndiyo, pendekezo la jina lilikuwa lake. Giotto ni chombo cha Shirika la Anga la Ulaya, ESA, kilichoipita nyotamkia ya Halley Machi 1986 kwa umbali wa kilomita 600 hivi. Mchoraji Giotto alichora nyotamkia juu ya tukio la Mamajusi wakimsujudia Yesu mchanga katika kanisa dogo la Scrovegni, Padova, miaka michache baada ya Halley kuonekana mwaka 1301.

Nahitaji hisabati gani ili nifuate hoja zake?

Chache kuliko unavyodhani kwa kuanzia. Sheria ya tatu ya Kepler inasema mraba wa muda wa mzunguko unalingana na kipeo cha tatu cha umbali wa wastani. Chukua siku 176, zigawe kwa 365.25, kisha tafuta umbali: utapata takriban 0.61 ya umbali wa Dunia na Jua. Sasa fikiria njia inayoanzia karibu na Zuhura, kwenye 0.72, na kugusa Utaridi inapokuwa mbali na Jua, kwenye 0.46. Wastani wake ni 0.59. Njia iliyokwisha kuchorwa ilikuwa jirani na jibu, na ndiyo maana marekebisho madogo yalitosha. Zoezi hili lifanye kwa mkono. Linafundisha zaidi ya kusoma maelezo.

Ukitaka kuelewa kwa nini resonansi inashika, utahitaji kalkulasi, milinganyo ya diferensia, na mekanika ya Lagrange na Hamilton. Anayetaka kuifanya kuwa kazi huongeza programu za kompyuta, kwani hesabu za mamilioni ya miaka hazifanyiki tena kwa kalamu.

Mbona Utaridi ni pagumu kufika, na BepiColombo imepita njia gani?

Dunia hulizunguka Jua kwa kilomita 30 hivi kwa sekunde, na chombo kinachoondoka Duniani huondoka na mwendo huo. Ili kishuke kuelekea Jua lazima kipunguze mwendo huo, na kikishashuka Jua lenyewe hukiongezea kasi, kikaipita Utaridi mbio. Kubeba mafuta ya kufunga breki zote hizo hakuwezekani. BepiColombo, ya ESA na JAXA ya Japani, imepunguzwa mwendo kwa injini za ioni na kwa kupita sayari mara tisa: Dunia mara moja, Zuhura mara mbili, Utaridi mara sita, ya mwisho Januari 2025. Hitilafu ya umeme wa injini iliyojitokeza 2024 iliahirisha kuwasili kwake kutoka Desemba 2025 hadi Novemba 2026. Hapo vyombo viwili vitaachana, kimoja cha Ulaya na kingine cha Japani kiitwacho Mio, kila kimoja na obiti yake.

Je, suala la 3 kwa 2 limefungwa?

Kwamba Utaridi imo katika hali hiyo, hakuna anayebisha. Jinsi ilivyoingia ndiyo bado kazi. Hesabu za Goldreich na Peale za mwaka 1966 ziliipa nafasi ya asilimia 7 tu kunaswa hapo. Mwaka 2004 Alexandre Correia na Jacques Laskar waliingiza jambo ambalo halikujulikana zamani: obiti ya Utaridi hubadilika kwa vurugu katika mabilioni ya miaka, wakati mwingine ikirefuka zaidi ya ilivyo sasa, na kila inaporefuka sayari hupata fursa nyingine ya kunaswa. Nafasi ikapanda hadi asilimia 55. Tangu hapo wengine wamebishania kiini kilichoyeyuka na tabia ya miamba inapovutwa, kwa sababu vyote viwili hubadilisha msuguano wa ndani na hivyo jibu. Vipimo vya uvutano na vya mtikisiko ambavyo BepiColombo itavichukua kutoka kwenye obiti vinatarajiwa kupunguza mashaka juu ya kiini, na hesabu hizo zitarudiwa.